Nilivyomnyoosha Ulimi Mama wa Bokoli

Nina masikio mazuri. Sijigambi, ndiyo kazi yangu, na kisa hiki ni cha jinsi masikio hayo yalivyonitia aibu ambayo mpaka leo ikinijia barabarani natikisa kichwa peke yangu, watu wakanitazama.

Studio yangu iko Kitale, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbolea na mbegu. Chumba cha kurekodia nilikijenga mwenyewe. Nilichukua magunia ya mahindi nikayajaza mitumba iliyokataa kuuzwa, nikayapanga ukutani mpaka darini, kisha nikatengeneza mlango wa mbao mbili wenye blanketi katikati. Nyuma ya jengo kuna mashine ya kusaga mahindi, kwa hivyo mimi hurekodi inapopumzika. Mwenye mashine ni mtu mwema na hunipigia simu akiizima.

Kompyuta yangu yote inaendeshwa kwa programu huria. Ni programu zilizoandikwa na watu waliotapakaa duniani, wakaziacha wazi ili yeyote azichukue, azitumie, na akitaka afungue ndani aone zilivyoshonwa. Hiyo ninayorekodia nimekuwa nayo kwa miaka na haijawahi kunigomea katikati ya wimbo. Nilipokwama niliuliza mtandaoni, na watu nisiowajua wakanijibu kwa upole, mmoja akarekebisha kasoro niliyolalamikia na kunishukuru kwa kulalamika. Ningepaswa kutembea kifua mbele. Badala yake niliificha kama mtu anavyoficha kiraka cha suruali.

Sababu ni kwamba kila mteja aliyewahi kufika Nairobi huuliza unatumia programu gani, na anataka kusikia jina moja tu, la ile kubwa ya kununua. Ukimwambia yako ni ya bure, uso unabadilika. Ati ya bure? Basi nikamwambia mchoraji wa mabango aandike jina la ile kubwa kwenye kibao changu, chini ya picha ya maiki. Skrini nikaigeuza ikawa inanitazama mimi na ukuta. Mteja akizunguka kuja upande wangu, nilijua pa kubonyeza ili iwe nyeusi, na nilikuwa nimeshakuwa mwepesi.

Nilikuwa nimezoea kuficha. Mimi ni mzaliwa wa Kanduyi, pale Bungoma, na kwetu l na r hukaliana viti bila kuombana ruhusa. Nilipoletwa shule ya bweni Kitale, siku ya kwanza niliuliza chakura kitaletwa saa ngapi. Darasa zima liliangua kicheko, mwalimu naye akashindwa kujizuia. Chakura likawa jina langu kwa miaka minne. Kila Jumapili nilienda nyuma ya bweni na kalamu katikati ya meno, nikarudia lala, lori, rarua, reli, mpaka ulimi ukanyooka. Tangu hapo nikiulizwa kwetu ni wapi nasema Kitale, na mama yangu akinipigia simu mbele ya wateja, natoka nje kwenye ngazi.

Mama wa Bokoli, kijiji cha huko huko Bungoma, aliletwa na binti yake, mwalimu wa shule moja Bungoma. Alikuwa mkulima mwenye umri wa kuitwa nyanya, mrefu, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, na shingoni alikuwa na uvimbe ambao hakujaribu kuuficha kwa skafu. Binti alinieleza mambo wakati mama akipumzika baada ya ngazi. Goita ile ilikuwa imeanza kumbana koo na lazima itolewe. Daktari alikuwa amewaambia wazi kwamba huenda akapoteza sauti. Mama huyu ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani kwao tangu binti akiwa mgongoni, na nyingine alizitunga mwenyewe. Kwenye simu za watu zilikuwamo, lakini humo ni ngoma na makofi na kwaya nzima. Sauti yake peke yake haikuwa popote. Alitaka irekodiwe kabla ya kisu.

Nilimwambia amekuja mahali panapofaa. Nilisema hivyo nikiangalia kibao changu kupitia dirishani.

Kabla ya kurekodi lolote mimi hufungua kazi ndogo ya pembeni ninayoiita jaribio, ya kupimia sauti tu. Humwambia mtu anieleze alichokula asubuhi, kwa sababu hakuna anayeigiza akitaja kiamshakinywa. Mama akaniambia amekura ndizi na chai ya maziwa, na sukari arikatazwa lakini aritia kidogo. Kisha, badala ya kunyamaza, akaniuliza swali.

"Na wewe mwanangu, ni wa wapi?"

Nikiwa bado namrekebishia maiki, nikamjibu kuwa mimi ni wa hapa hapa Kitale. Akasema haya, akacheka kidogo, nami nikahamia kwenye kazi yenyewe.

Aliimba nyimbo tano asubuhi moja. Sijui niieleze vipi sauti ile. Ilikuwa pana, na mahali pengine ilikwaruza kidogo kwa sababu ya uvimbe, na hapo ndipo ilipokushika. Wimbo wa nne aliutunga mumewe alipofariki, na alituambia kwamba aliuimba kaburini bila kwaya kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameujua bado. Ulikwenda hivi: Rara mume wangu, rara, jembe rako nitarishika mimi, lafiki zako nitawakalibisha mimi. Binti alikuwa amekaa karibu yangu na alifunika uso kwa kanga. Mimi nami machozi yalinilenga. Lakini katikati ya machozi hayo, naapa, nilikuwa nikihesabu. Rara, moja. Rako, mbili. Lafiki, tatu.

Hakuna aliyeniomba. Nalirudia kwa sababu ndilo jambo lenyewe: hakuna mtu yeyote aliyeniomba.

Walipoondoka nilianza kazi, na kazi ile ilinichukua siku nne. Programu yangu inakuonyesha sauti kama mstari wenye vilima na mabonde, na ukizoea unaweza kuiona herufi kabla hujaisikia. Mama alikuwa na kila herufi niliyoihitaji, ila zilikaa mahali nilipoambiwa utotoni kuwa si pake. Basi nikaichukua l ya lafiki nikaipeleka kwenye rara, na r ya rara nikaipeleka kwenye lafiki. Nilikata, nikahamisha, nikaunganisha, nikalainisha mshono. Pale zilipopungua nilikopa kutoka wimbo wa kwanza. Nilisahau kula. Siku ya nne niliketi nikasikiliza wimbo wote mwanzo hadi mwisho, lala mume wangu, lala, jembe lako, rafiki zako, na hakuna mshono uliosikika. Nilijiona fundi. Nilijisemea kwamba sasa hakuna atakayemcheka mama huyu.

Jambo moja lazima lieleweke kuhusu programu hiyo. Ukikata sauti, haiikati kweli. Ile uliyorekodi kwanza hubaki salama chini, nzima, na ungeweza kurudi hata baada ya mwaka ukaikuta. Walioiandika walijua watu hujuta. Kwa hivyo mpaka hapo sikuwa nimeharibu kitu, nilikuwa tu nimefanya upumbavu unaofutika.

Siku iliyofuata mwalimu akanipigia. Sauti yake ilikuwa na furaha. Kaka yake aliyeko Nairobi anafanya kazi ya video, na mwalimu alikuwa amemtumia picha ya kibao changu, na kaka amefurahi sana kwa sababu yeye pia anatumia programu hiyo hiyo. Kaka aliomba nimtumie kazi nzima jinsi ilivyo, pamoja na sauti ghafi ambayo haijaguswa, aiweke kama akiba ya familia. Eti itafunguka kwake moja kwa moja.

Nilihisi masikio yangu yakiwaka moto. Isingefunguka. Angeuliza kwa nini, na angejua kwamba kibao changu ni cha uongo. Ningeweza kusema ukweli pale pale, maneno kumi tu. Ningeweza hata kumtumia sauti ghafi peke yake kwa faili za kawaida ambazo programu yoyote duniani inazifungua. Lakini hapo angesikia rara, kisha asikie lala, na angeniuliza na hilo. Nikamwambia, madam, bahati mbaya kompyuta imeharibika, nyimbo zilizokamilika ninazo lakini ghafi imepotea.

Akanipa pole. Alinipa pole na kuniuliza kama hasara ni kubwa.

Nilipokata simu niliona ule uongo umesimama vibaya, unaweza kuanguka mtu yeyote akiugusa. Nikafanya jambo ambalo nikilieleza watu wa fani yangu hushika vichwa. Kwanza nikazitoa zile nyimbo tano zikiwa zimekamilika. Kisha nikaondoa vipande vyote kwenye kazi yenyewe, nikafungua amri moja iliyomo kwenye programu, ya kusafisha rekodi zote zisizotumika. Ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Ikanieleza kwamba zimewekwa kwenye jaa na bado naweza kuziokota, je, nimwage jaa? Programu ya watu, ya bure, ilikuwa ikinipa nafasi ya pili. Nikabonyeza ndiyo. Nilikuwa na wazo la kijinga kwamba uongo ukishafanywa uwe kweli, si uongo tena.

Mama akafanyiwa upasuaji. Baada ya wiki tatu mwalimu akanijulisha kwamba uvimbe umetoka wote na mama anakula vizuri, lakini sauti haijarudi. Ananong'ona tu. Madaktari wanasema wasubiri, huenda ikaja, huenda isije. Aliniomba nilete nyimbo nyumbani kwake, wote wapo, wanataka kusikia.

Nyumba ya mwalimu ilikuwa Kanduyi. Iko mwendo mfupi kutoka kwa mama yangu mzazi, nyuma ya uwanja wa mpira, na nilikaa kwenye simu nikimsikiliza akinielekeza njia ambayo ningeitembea nimefumba macho. Nilijibu ndiyo, ndiyo, nimeelewa, kona ya duka la kijani. Nilipita lango la mama yangu nikiwa nimeinamisha kichwa, flashi mfukoni.

Walikuwa kama watu wanane sebuleni. Mama alikaa kwenye kiti kikubwa, bandeji shingoni, leso begani, na aliponiona alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Kulikuwa na chai na viazi vitamu. Walitaka kuanza na wimbo wa baba. Mwalimu akachomeka flashi kwenye redio, nami nikakaa wima, nikingoja kusifiwa.

Lala mume wangu, lala.

Mwanzoni walitulia vizuri. Halafu nikaona utulivu umebadilika. Mjomba mmoja alimwangalia mwenzake. Mwalimu alikunja uso akasogea karibu na redio, kana kwamba shida iko kwenye spika. Wimbo ulipoisha akaniuliza huyu anayeimba ni nani. Nikasema ni mama. Akasema sauti ni ya mama, ndiyo, lakini huyu ni nani?

Mama aliinua kidole tukanyamaza wote. Nilimsogelea ili asijichoshe. Alinong'ona polepole, bila hasira, na maneno yake niliyasikia mimi na binti yake.

"Huyo mama amesoma. Anaimba vizuri. Rakini mzee wangu hawezi kumjua."

Nilisema nitaangalia kompyutani kama kuna kitu kilichosalia. Nilikunywa chai yote kwa sababu sikujua pa kuweka macho, kisha nikaaga.

Kitale nilijifungia studio siku mbili. Kwanza nilijaribu kurudisha herufi mahali pake, kila l na kila r, kinyumenyume. Nilipata wimbo mzima, lakini ulisikika kama mtu anayemwigiza mama ili watu wacheke. Niliijua sauti ile. Ilikuwa ya darasa langu la kidato cha kwanza. Niliizima na kukaa sakafuni katikati ya magunia, na sioni haya kusema kwamba nililia, maana aibu yangu ilikuwa imeshachukua nafasi yote.

Ndipo nikakumbuka jaribio. Ile kazi ndogo ya pembeni ya kupimia sauti iko kwenye folda nyingine ambayo sijawahi kuisafisha. Niliifungua. Alikuwemo. Ndizi na chai ya maziwa, sukari aritia kidogo, swali lake, jibu langu, haya, kicheko. Haikufika hata dakika moja, na hakukuwa na wimbo. Hiyo ndiyo sauti yake yote niliyoiacha hai duniani.

Niliwaza kuondoa sehemu yangu, ule uongo wa kwetu. Mikato miwili tu na nisingekuwemo. Nikaondoa mkono. Nilikuwa nimemkata yule mama vya kutosha.

Safari ya pili niliingia kwa mwalimu nikaomba kusema kabla ya kuketi. Sebuleni walikuwa yeye na mama tu. Nilianza na kibao, nikaja kwenye herufi, nikamalizia na lile jaa. Sikuruka kitu. Mwalimu alinisikiliza amesimama, mkono kiunoni, na nilipofika kwenye pole aliyonipa alifumba macho. Aliniuliza kama programu hiyo ya bure ina ubaya wowote. Nikasema haina, ni nzuri kuliko mimi. Akauliza kwa nini basi nilibadilisha maneno ya mama yake, nami nikasema sikutaka achekwe.

"Mimi nafundisha Kiswahili," akasema. "Kila siku nasahihisha watoto, na karamu nyekundu. Mama sijawahi kumgusa."

Nilisikia ile karamu, na yeye aliona kwamba nimesikia. Hakuirekebisha.

Nikawapa flashi nikawaambia ndicho kilichobaki, na kwamba mimi pia nimo. Mwalimu akaiweka. Sauti ya mama ikajaa sebule, pana, yenye mkwaruzo wake, ikitaja ndizi. Binti alikaa chini taratibu kwenye mkono wa kiti cha mama. Mama alisikiliza akiwa ameshika shingo, midomo yake ikifuata maneno bila kutoa kitu. Ilipofika mwisho alimgusa binti goti, akaomba pale mwisho parudiwe.

Parudiwe nini, nilijiuliza, mbona mwisho ni mimi. Swali lake likaja, na wewe mwanangu ni wa wapi. Kisha mimi, kwa sauti yangu ya mteja, nikijibu haraka haraka kwa kuwa nilitaka tuendelee na kazi: mimi ni wa hapa hapa Kitare, mama.

Kitare. Nilikuwa nimeisikiliza rekodi ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na masikio haya mazuri hayakuisikia. Mwalimu alikuwa ananitazama, lakini mama alinipungia mkono nikaribie, nami nikapiga magoti kando ya kiti chake ili sikio langu lifike mdomoni mwake.

"Nirikusikia siku ire ire," akanong'ona. "Nikasema moyoni, huyu ni mtoto wetu. Hapa nyimbo zangu ziko sarama."